Land Cruiser kuukuu haihitaji kabureta pana

Kutoka Baraka hadi Fizi, mashariki mwa Kongo, ni kilomita thelathini na kidogo, lakini dereva yeyote wa barabara hiyo atakwambia kwamba kilomita si kipimo cha safari. Gari linaondoka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, likiwa na magunia, abiria juu ya magunia, na pengine mbuzi mmoja au wawili juu ya abiria. Kisha linaanza kupanda. Msimu wa mvua gia ya pili ni anasa. Hapo ndipo Toyota Land Cruiser ya petroli ya silinda sita, iliyotoka kiwandani kabla dereva wake hajazaliwa, huanza kukohoa, kufuka moshi mweusi na kuishiwa pumzi. Na hapo ndipo kila aliye ndani na nje ya gari hutoa ushauri uleule: hiyo kabureta imechoka, tafuta kubwa zaidi.

Ushauri huo ni ghali, na mara nyingi haufai.

Sehemu kubwa ya Land Cruiser zinazopita RN5, barabara ya taifa inayoshuka kutoka Bukavu kupitia Uvira, Baraka na Fizi kuelekea Kalemie na mwishowe Lubumbashi, ni za dizeli. Injini ya 1HZ, silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, iliingia sokoni mwaka 1990 ikayateka mashirika ya misaada, majeshi na wafanyabiashara kwa pamoja, nayo haina kabureta. Zinazozungumziwa hapa ni dada zake wakubwa wa petroli: F ya lita 3.9, 2F ya lita 4.2 iliyoanza mwaka 1975, na 3F ya lita 4 iliyofuata katikati ya miaka ya 1980. Zilifungwa kwenye FJ40 na FJ45, kwenye FJ60, na kwenye baadhi ya FJ75. Ni injini za chuma cha kalibu, nzito, zisizo na haraka, na mgandamizo wake ni mdogo: 2F iko chini kidogo ya 8 kwa 1. Ndiyo maana zinavumilia petroli ambayo injini ya kisasa ingeitapika kabla ya kufika Mboko.

Sasa, mwenye gari kama hilo anapotaka kabureta ya nguvu, anatafuta nguvu gani? Swali hili hurukwa. Kijana wa Nairobi anayefufua Datsun ya mwaka 1972 anataka injini ipande hadi mizunguko 6,000 kwa dakika na mngurumo usikike mtaa wa pili. Dereva wa Baraka aliyepakia mihogo, madumu ya mawese na magunia ya ndagala anataka kitu kingine kabisa. Anataka injini isizime ikiwa kwenye mizunguko 1,500, pua ya gari ikitazama mbinguni, huku msaidizi wake akikimbia nyuma na gogo la kuzuia gurudumu. Toyota ilimfikiria mtu huyo. 2F hufikia kilele cha uwezo wake wa kuvuta kwenye mizunguko 1,800 hivi, na nguvu yake ya mwisho huipata kwenye 3,600. Ukiisukuma zaidi ya hapo unachoma petroli na kuongeza kelele tu.

Hesabu yake ni nyepesi, na inashangaza kwamba wauzaji wengi wa kabureta hawaifanyi mbele ya mteja. Injini ya viharusi vinne hujaza silinda zake zote mara moja kwa kila mizunguko miwili. Lita 4.2 zikizunguka mara 3,600 kwa dakika zingevuta hewa lita 7,600 kwa dakika, kama silinda zingejaa pomoni. Hazijai. Kwa injini ya zamani yenye njia za hewa zilizopindapinda, robo tatu ni makadirio ya haki, yaani kama lita 5,700. Hiyo ni kwa kasi ya juu. Mlimani, kwenye mizunguko 1,800, ni nusu yake: hazifiki lita 3,000.

Linganisha na kabureta ya Holley ya makoo manne, yaani njia nne za hewa, yenye uwezo wa futi za ujazo 600 kwa dakika, ile ambayo Wamarekani huifunga kwenye injini zao za V8 na ambayo picha zake huzunguka kwenye simu za vijana wa gereji. Hiyo inaweza kupitisha karibu lita 17,000 kwa dakika. Ni mara tatu ya mahitaji ya 2F ikikimbia, na mara sita ya mahitaji yake ikipanda. Hata ile ndogo katika ukoo huo, ya futi 390, inapitisha lita 11,000.

Wengi husema basi, ziada haidhuru. Inadhuru, kwa sababu kabureta haina pampu ya kuisukuma petroli iingie kwenye njia ya hewa injini inapofanya kazi ya kawaida. Petroli huvutwa na kasi ya hewa inayopita kwenye koo jembamba. Hewa inapobanwa huenda mbio, mbio hizo hushusha shinikizo la hewa, na petroli hupanda kutoka kwenye bakuli kupitia jeti na kunyunyizwa kama ukungu. Mama anayepuliza jiko la kuni kwa bomba jembamba analijua jambo hili kwa midomo yake: mpe bomba pana, atapuliza mpaka machozi yamtoke na moto hautashika. Koo likiwa pana kupita kiasi, hewa hupita polepole, mvuto unakuwa hafifu, na petroli hutoka kwa matone mazito badala ya ukungu. Matone hayo hutambaa kwenye kuta za manifoldi. Silinda mbili za katikati, zilizo karibu na kabureta, hushiba. Zile za pembeni, namba 1 na namba 6, hufunga. Dereva anakanyaga mafuta, injini inasita, inashtuka, inazima. Yote haya kwenye kona ambayo si mahali pa kuzimikia.

Lipo jambo moja linalowadanganya watu kweli, na ni haki kulieleza. Kabureta kubwa inapofungwa, gari likijaribiwa pale tambarare ya Baraka, kando ya ziwa, bila mzigo, huonekana limepata uhai mpya. Hutoa mvumo mkubwa wa kuvuta hewa, na makoo ya pili yanapofunguka gari huruka kidogo. Mwenye gari anatabasamu, fundi analipwa. Sehemu ya uhai huo ni ya kweli, lakini inatokana na upya wa kabureta, si upana wake: ya zamani ilikuwa chafu, jeti zake zimetanuka, na pampu yake ya kuchapua ilikuwa imepasuka kiwambo. Kabureta ileile ya zamani, ikisafishwa na kuwekewa viungo vipya, ingeleta tabasamu lilelile.

Anayetaka kuona silinda sita na kabureta za mashindano zikitumiwa mahali pake, Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z, gari la silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393. Mwaka 1973 gari la aina hiyohiyo likashinda tena, safari hiyo likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, akiwa na Lofty Drews. Mehta alimaliza akiwa na pointi sawa na Harry Källström, na ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila adhabu. Zile 240Z za dukani zilikuwa na kabureta mbili za Hitachi zilizoigwa kutoka SU ya Uingereza. Ndani ya kila moja kuna pistoni inayopandishwa na mvuto wa injini yenyewe, kiasi kwamba koo hujipanua injini ikitaka hewa nyingi na kujibana ikitaka kidogo. Land Rover ya silinda sita ya lita 2.6, iliyokuja kwenye Series IIA ndefu mwaka 1967, ilitumia Stromberg ya mtindo huohuo. Ni ubunifu mzuri sana. Ila wapenzi wa Safari husahau kwamba nyuma ya kila Datsun ya timu lilikuwapo gari la huduma lenye mafundi na vipuri, na kwamba mashindano yalikwisha baada ya siku chache. Gari la Fizi halina siku ya kumaliza mashindano.

Wapo pia wanaoota kabureta tatu za Weber, za makoo mawili kila moja, koo moja kwa kila silinda. Kwa macho hakuna kinachozishinda. Lakini makoo sita yanatakiwa kupumua sawasawa, na kuyalinganisha kunahitaji kipimo cha hewa, mikono mitulivu na nusu siku. Kisha gari likipigwa mashimo kati ya Uvira na Baraka, fito za kuunganisha vipepeo vya kufungulia hewa hulegea na kazi inaanza upya. Ziachwe kwa wenye barabara za lami.

Kinachofaa, kwa maoni ya safu hii, kinachosha kukitaja. Kabureta ya kwanza kufikiriwa ni ile iliyokuja na gari, Aisan ya makoo mawili. Koo la kwanza ni dogo na ndilo linalofanya kazi ya kila siku. La pili hufunguka mzigo na kasi vinapodai. Wajapani walipima kila tundu lake kwa injini ile ile, hawakukisia. Ubavuni mwake kuna kidirisha kidogo cha kioo cha mviringo, na petroli ikisimama katikati ya kidirisha, boya liko sawa. Ni kipimo ambacho fundi anakipata bure, bila kufungua skrubu hata moja. Lakini gari likishafika gereji, mara nyingi kidirisha hicho kimefunikwa na tope lililokauka, na hakuna anayekumbuka kukifuta kabla ya kuhukumu kabureta nzima.

Kuna kosa jingine dogo lililokwisha kuua Aisan nyingi kabla ya siku zake. Kwenye matoleo ya baadaye ipo vali ya umeme inayokata petroli ya ralanti (mzunguko wa injini isipokanyagwa) dereva anapozima swichi. Waya wake ukikatika au ukichomoka, injini huendelea kuwaka ikikanyagwa, ila ukiachia tu inazima. Ugonjwa huo wa waya mmoja hutibiwa kwa kung'oa kabureta.

Na kuna kosa la gereji, la nia njema kabisa: kuzibua jeti kwa waya wa chuma. Tundu la jeti hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Jeti namba 140 ina tundu la milimita 1.40, na waya ukipita mara chache unaligeuza kuwa 145 au 150 bila kubadilisha namba iliyochongwa juu yake. Kisha watu wanashangaa kwa nini gari linakula mafuta. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ambao Baraka haiwezi kuukosa, pamoja na upepo wa pampu, hufanya kazi hiyo bila kudhuru shaba.

Pale ambapo Aisan imekwisha kweli, dalili yake inajulikana. Fundi anashika mkono wa kipepeo na kuutikisa huku na huku. Shafti ikicheza ndani ya tundu lake, hewa chafu inapenya pembeni na ralanti haitatulia hata ifanyiwe nini. Hapo ndipo inapofaa kufikiria nyingine, na inayokaribia mahitaji ni Weber 32/36: makoo mawili yanayofunguka kwa zamu, la kwanza likiwa na kipepeo cha milimita 32 na la pili 36, na njia nyembamba ya ndani ya milimita 26 na 27. Upo ndugu yake wa 38, ambaye makoo yake yote mawili hufunguka pamoja. Wenye haraka humpenda. Kwa mzigo wa mlimani, wa kwanza anatosha na anakula kidogo. Sifa yake kubwa kwa mahali kama Fizi ni kwamba inafunguliwa kwa bisibisi na jeti zake hubadilishwa bila kuing'oa kwenye injini. Tahadhari ni moja: kampuni ya Edoardo Weber ilianza Bologna mwaka 1923, na tangu hapo umbo hili limeigwa na kila anayeweza kumimina aluminiamu kwenye kalibu. Ya kuigiza huweza kufanana na halisi kwa kila kitu isipokuwa usahihi wa matundu, ambao ndio hasa mnunuzi anaulipia.

Jeti zinazobadilika zina maana kubwa kuliko upana wa koo, kwa sababu ya milima. Lita moja ya petroli ikiungua sawasawa inahitaji hewa uzito wa kilo 11 hivi, ambayo kwa hali ya hewa ya Baraka ni takriban lita 10,000. Ukipanda, lita hizo huwa nyepesi, kwa kuwa hewa ya juu ni haba, lakini kabureta haijui. Inaendelea kutoa petroli karibu kama ilivyokuwa ikitoa chini. Kabureta iliyopimwa kwa usawa wa bahari inakuwa imezidisha petroli kwa asilimia 4 hivi ikiwa Baraka, na kwa asilimia 12 au 13 ikiwa kwenye nyanda za juu za Minembwe, karibu mita 2,500. Ndiyo asili ya ule moshi mweusi. Juu yake, injini yenyewe hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, na upotevu huo hauna dawa ya kabureta yoyote duniani. Kubwa, ndogo, ya Italia au ya Japani.

Tiba ya ile sehemu inayotibika ni ndogo ajabu. Jeti kuu ya 140 inayofaa pwani ya Mombasa au Dar es Salaam ingepaswa kuwa kama 135 pale Baraka, na 130 kwa gari linaloishi kule juu. Tofauti ni sehemu ya kumi ya milimita. Toyota yenyewe iliwahi kufunga, kwa baadhi ya masoko, kifaa cha kuongeza hewa gari likifika mwinuko fulani, hivyo si jambo la kubuni. Anayesafiri chini na juu kila juma achague jeti ya kati, asiende nyembamba mno, kwa sababu petroli ikipungua kupita kiasi mlipuko huwa mkali na vali za kutolea moshi huungua. Rangi ya bujii itamwambia: kahawia ya udongo ni afya, nyeusi ya masizi ni ulafi, nyeupe kama chokaa ni hatari.

Hata hivyo, petroli inayopita kwenye jeti hiyo inatoka wapi? Sehemu kubwa inavuka ziwa kwa boti au inashuka kutoka Uvira kwa mapipa, kisha inauzwa kando ya barabara kwa chupa na madumu na wale ambao Wakongo wengi huwaita kadhafi. Hakuna haja ya kuwatukana. Bila wao gari lisingefika popote. Lakini pipa lililovuka ziwa lina maji, dumu lina mchanga, na mara nyingine muuzaji amechanganya mafuta ya taa ili faida iongezeke. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya bakuli la kabureta kama shanga zinazoteleza, na shanga moja ikiingia kwenye jeti inatosha kuzima injini. Gari hilo likifikishwa gereji, nani atalaumiwa? Kabureta.

Kwa sababu hiyo fedha ya kwanza ya nguvu ingetumiwa vizuri zaidi kwenye chujio mbili za petroli, moja ya kioo kabla ya pampu ili uchafu uonekane, nyingine baada yake, na kwenye chujio ya hewa isiyo na tundu. Mafuta yaachwe yatulie usiku kucha kabla ya kumiminwa, na theluthi ya mwisho ya dumu isiingie kwenye tangi. Ni ushauri wa kizee, kila msaidizi wa dereva anaujua, na hufuatwa siku ambayo hakuna haraka. Siku hiyo ni nadra.

Kabla ya kabureta kuguswa kuna mengine mawili ya kuangalia, na hapa mafundi wazuri hutofautiana na wabadilishaji vipuri. La kwanza ni moto. Pointi zilizoungua, kifuniko cha delko chenye ufa, waya wa bujii uliovuja: vyote hivi hutoa dalili ambazo mtu anaweza kuapa ni za kabureta. Muda wa moto kwenye injini hizi husomwa kwenye kidirisha cha ubavuni, ambapo kigololi kidogo cha chuma kilichopachikwa kwenye flaiwili hupita mbele ya alama. Kigololi hicho mara nyingi kimefunikwa na kutu na grisi hata mmiliki hajui kipo. La pili ni gasketi ya manifoldi. Kwenye F na 2F, manifoldi ya hewa na ile ya moshi zimefungwa pamoja na zinatumia gasketi moja. Joto linazikunja, gasketi inaachia, na hewa inaingia bila kupitia kabureta. Maji kidogo yakidondoshwa kwenye kiungo injini ikiwa kwenye ralanti, mlio ukibadilika, mwizi amekamatwa.

Joto hilohilo lina kisa chake. Moshi hupita chini tu ya kabureta, na mchana wa jua kali gari likizimwa dakika kumi, petroli iliyomo kwenye bakuli huchemka. Kuwasha tena ni kazi. FJ60 zilikuja na feni ndogo ya kupoza kabureta kwa ajili ya tatizo hilo. Magari mengi yamekwisha kuipoteza. Kurudisha kinga ya joto na kile kipande kinene cha kuhami kati ya kabureta na manifoldi ni matengenezo yenye faida kubwa kuliko inchi yoyote ya koo.

Kuna hoja ya upande wa pili isiyopaswa kupuuzwa: kwa nini kuhangaika na kabureta wakati dunia imehamia kwenye mifumo ya nozeli? Hata rali ilianza mapema. Bert Shankland wa Dar es Salaam na Chris Rothwell walishinda Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 yenye mfumo wa kupuliza petroli. Ni kweli, na mfumo wa kisasa hujirekebisha wenyewe kwa mwinuko, bila jeti wala bisibisi. Lakini unadai pampu yenye shinikizo kubwa, petroli safi, umeme usioyumba na kompyuta ya kuusoma ukigoma. Injini ikigoma katikati ya Fizi na Lulimba, kifaa kilichopo ni bisibisi, na mtu aliyepo ni fundi wa pikipiki anayeijua kabureta kwa kuwa hufungua za boda kumi kwa juma. Mazingira yakibadilika, hoja hii itabadilika nayo.

Mengi ya makosa haya hayatokani na ujinga wa ufundi. Yanatokana na namna fedha inavyogawanywa. Mwenye gari mara nyingi anakaa Uvira au Bukavu na hupokea hesabu yake kutoka kwa dereva. Petroli hutoka mfukoni mwa dereva. Dereva ndiye anayeumia gari likila mafuta, lakini mmiliki ndiye anayenunua vipuri, na mmiliki aliye mbali hupenda kununua kitu kinachoonekana: kabureta mpya inayong'aa, iliyopigwa picha na kutumwa kwenye simu pamoja na risiti. Kiwambo cha pampu, sindano ya boya na jeti ya 135 havitoki vizuri kwenye picha. Basi haviagizwi, na boti za Kigoma, ng'ambo ya ziwa, hurudi na kabureta nzima badala ya mfuko wa viungo vidogo ambavyo vingetengeneza Aisan kumi.

Wenye magari wangeweza kubadili hilo bila kusubiri serikali wala barabara. Inatosha kwenye hesabu ya kila mwezi kukatwa kiasi maalumu kwa ajili ya chujio, gasketi na viungo vya kabureta, dereva na fundi wakiruhusiwa kukitumia bila kuomba ruhusa kwa simu. Kabureta mpya ingebaki kuwa jambo la kujadiliwa na mmiliki, siku shafti ya zamani itakapoanza kucheza mkononi mwa fundi.